Tiki ya Buluu Si Shahidi wa Uadilifu: Namna ya Kumjua Mwenye Tovuti na Mwenye Ukurasa Kabla ya Kutoa Zaka, Mchango au Ada

Bismillahir Rahmanir Rahim. Shukrani zote zinamstahikia Allah, Mola wa viumbe vyote, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Aali zake na Swahaba zake.

Ama baad. Limekuwa likitufikia suali moja kwa maneno tofauti kutoka kwa familia za Unguja na Pemba: "Tumeletewa kwenye simu ukurasa wa madrasa iliyoko Lushoto, milima ya Usambara. Una picha za watoto, una tiki ya buluu, na chini yake kuna anwani ya tovuti. Wanaomba zaka na sadaka za ujenzi. Je, tutume?" Wengine wana vijana walioomba kusoma chuo huko huko Lushoto, na wameletewa namba ya simu ya kulipia ada kutoka ukurasa wenye jina la chuo.

Jibu kwa ufupi ni hili: usitume kwa sababu ya tiki, wala usimtuhumu mtu kwa kukosa tiki. Uliza kwanza alama hiyo inashuhudia kitu gani, na nani ameitoa. Ufafanuzi unafuata, Inshaallah.

Kwa nini Lushoto ni mfano mzuri

Mtu wa kisiwani akiletewa ombi la msikiti wa mtaa wa pili, atatia viatu aende kutazama. Lushoto haiwi hivyo. Uvuke bahari mpaka Tanga au Dar es Salaam, ufike Mombo, kisha upande milima kwa barabara ya makona kupitia Soni, zaidi ya kilomita 30, ndipo uingie mjini. Ukitaka kufika Mlalo au Mtae, safari bado inaendelea.

Tena ombi lenyewe linaaminika kirahisi. Waislamu katika nchi ya Wasambaa ni wengi, misikiti na madrasa zipo, na watu wa huko ni ndugu zetu wa miaka mingi. Kwa hiyo mtu akisema "ni madrasa ya Lushoto", hakuna jambo la kushangaza. Uongo unaopita ni ule unaofanana na ukweli. Picha ya milima yenye ukungu anaweza kuichukua mtu yeyote mtandaoni, hata kama yeye mwenyewe hajawahi kufika Mombo.

Kuhakikisha ni amri ya dini

Katika Suratul Hujurat, aya ya 6, Mwenyezi Mungu ametuamrisha kuihakikisha habari inapoletwa na mtu asiyeaminika, tusije tukawadhuru watu bila ya kujua, kisha tukajuta. Tazama kuwa sababu iliyotajwa ni kuogopa kuwadhuru wengine. Tutairudia nukta hii.

Katika Suratun Naml tunasoma kisa cha Nabii Suleiman (a.s.) na ndege Hudhud aliyemletea habari za malkia wa Sabaa. Nabii Suleiman hakuikataa habari ile, na hakuikubali papo hapo. Alimwambia kuwa watatazama kama amesema kweli au ni katika waongo, kisha akampa barua aipeleke. Hiyo ndiyo njia ya katikati.

Lililo karibu zaidi na maudhui yetu ni pete ya Mtume (s.a.w.). Imepokewa katika Sahihi mbili, Bukhari na Muslim, kuwa alipotaka kuwaandikia wafalme wa mataifa mengine aliambiwa kuwa wao hawasomi barua isiyokuwa na muhuri. Akafanya pete ya fedha, ikachorwa jina lake na kuwa yeye ni Mtume wa Allah. Kisha akakataza mtu mwengine yeyote kuchora pete yake kwa mchoro ule. Muhuri una faida pale tu anapokuwa nao mwenyewe peke yake. Kila mtu akiweza kuuchonga, hauna maana tena.

Tiki ya buluu inashuhudia nini?

Twitter ilianza kutoa alama ya uhakikisho mwaka 2009, baada ya watu mashuhuri kulalamika kuwa wengine wanafungua akaunti kwa majina yao. Wakati huo kampuni yenyewe ndiyo iliyochagua nani apewe, na alama ilimaanisha: huyu ndiye yule anayejulikana kwa jina hili.

Mwezi wa Novemba 2022, baada ya Elon Musk kuinunua kampuni, alama ile ikaanza kuuzwa kwa dola 8 kwa mwezi. Haikuchukua siku nyingi. Mtu alifungua akaunti kwa jina la Eli Lilly, kampuni ya dawa ya Marekani, akalipia alama, akatangaza kuwa dawa ya insulini sasa ni bure. Kampuni ya kweli ikalazimika kujitokeza, kukanusha na kuomba radhi. Mwezi wa Aprili 2023 alama za zamani zikaondolewa, na mtandao huo sasa unaitwa X. Mwaka huo huo kampuni ya Meta, yenye Facebook na Instagram, nayo ikaanza kuuza alama yake, ingawa yenyewe hudai kuona kitambulisho cha muombaji.

Kwa hiyo tiki moja inaweza kuwa shahidi wa kitambulisho, na nyengine ikawa risiti ya malipo tu. Wala hakuna mtandao ambao tiki yake inashuhudia kuwa mwenye ukurasa anatumia michango kwa amana. Na wapo wanaoichora tiki ndani ya picha ya wasifu. Hiyo si alama ya mtandao kabisa. Ni rangi tu.

Uhakikisho wa tovuti: aliye ndani ndiye awezaye kufungua

Ipo njia nyengine, yenye nguvu zaidi ya kununua alama: mtandao wa kijamii unamtaka mtu athibitishe kuwa tovuti anayoitaja ni yake kweli. Msingi wake ni mwepesi. Mtu akidai kuwa nyumba ile ni yake, mwambie aingie ndani afungue dirisha la juu. Mpita njia hawezi.

Meta ina njia tatu. Mwenye tovuti anapewa maneno ya siri maalumu, kisha ama anayaweka katika kumbukumbu za jina la kikoa (lile ambalo wengi wanaliita domeni), ama anapandisha faili dogo ndani ya tovuti yake, ama anaandika mstari mmoja katika kichwa cha ukurasa wa mwanzo. Kisha Meta inakwenda kutazama. Ikiyakuta maneno yale, inajua kuwa aliyeomba anazo funguo za tovuti. Njia ya kwanza inaweza kuchukua hadi saa 72 kabla ya kuonekana.

Mastodon unatumia kiungo cha pande mbili. Wasifu wa akaunti unaitaja tovuti, na tovuti nayo inaitaja akaunti kwa kiungo chenye alama rel="me". Viungo viwili vikikutana, anwani ya tovuti inageuka rangi ya kijani kwenye wasifu. Bluesky umekwenda mbele zaidi: mwenye tovuti anaweza kulifanya jina la tovuti yake kuwa ndilo jina la akaunti, baada ya kuthibitisha kuwa analimiliki.

Hapa pana jambo ambalo familia zetu lazima zilifahamu. Uhakikisho wa tovuti wa Meta hauonekani kwa msomaji wa kawaida. Ni baina ya kampuni na mwenye tovuti. Na mtu yeyote anaweza kuandika anwani ya tovuti isiyokuwa yake katika wasifu wa Facebook au Instagram. Basi anwani ikiandikwa chini ya ukurasa ni dai tu, na kazi ya kulipima dai hilo imebaki kwako wewe mwenye simu.

Namna ya kupima, hatua kwa hatua

Tuchukue taasisi inayojulikana. Lushoto kipo Chuo cha Uongozi wa Mahakama, kilichoanzishwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1998, na vijana wanakwenda kusoma sheria huko. Tovuti yake ni ija.ac.tz. Halmashauri ya Wilaya ya Lushoto nayo ina lushotodc.go.tz. Tufanye mzazi ameletewa ukurasa unaosema ni wa chuo hicho.

Kwanza, usibonyeze kiungo ulicholetewa. Andika mwenyewe anwani ya tovuti unayoijua, au ichukue kutoka barua rasmi au tangazo la Serikali.

Pili, soma jina la tovuti kama unavyosoma Kiarabu, kuanzia kulia. Mwenye nyumba yuko mwisho wa jina, upande wa kulia, kabla ya mkwaju wa kwanza. Katika ija.ac.tz, "tz" ni Tanzania, "ac" ni taasisi za elimu ya juu, na "ija" ni chuo. Lakini tapeli akiandika ija.ac.tz.fulani.com, mwenye nyumba hapo ni fulani.com, na maneno ya kushoto ni mapambo aliyoyapachika mwenyewe. Jua pia kuwa miisho ya .go.tz na .ac.tz haitolewi kwa mtu binafsi, wakati .com hununuliwa na yeyote kwa dakika chache.

Tatu, toka kwenye tovuti uende kwenye ukurasa. Usitoke kwenye ukurasa kwenda kwenye tovuti. Ukiwa ndani ya tovuti ya kweli, tafuta alama za Facebook, Instagram au YouTube ambazo kawaida huwa juu au chini kabisa, kisha zibonyeze. Je, zimekufikisha kwenye ukurasa ule ule ulioletewa, herufi kwa herufi? Kama tovuti inakupeleka ukurasa mwengine, basi ule wa kwanza una maelezo ya kutoa. Anayesema ametoka Lushoto lazima Lushoto wamtambue.

Nne, katika Facebook fungua sehemu ya uwazi wa ukurasa. Utaona tarehe ukurasa ulipofunguliwa, majina uliyowahi kuwa nayo, na mara nyingi nchi wanazokaa wanaouendesha. Mji wa Lushoto wakati wa Wajerumani uliitwa Wilhelmstal, na kila anayesoma historia analijua hilo. Lakini ukurasa uliokuwa wa kuuza nguo mwaka jana na leo unaitwa "madrasa" haumwambii mgeni habari zake mpaka afungue sehemu hiyo.

Tano, tazama jina la mpokeaji. Kabla hujatia namba ya siri ya kutuma fedha, simu inakuonesha jina lililosajiliwa. Ikiwa ombi ni la taasisi na jina ni la mtu usiyemjua, simama. Ada za taasisi za umma hulipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo ya Serikali, ile watu waliyoizoea kwa jina la kontroo namba. Hazitumwi kwenye simu ya mtu.

Sita, piga simu. Tumia namba uliyoikuta kwenye tovuti uliyoihakikisha, au ya mtu unayemjua huko, na si ile iliyoandikwa kwenye ujumbe.

Madrasa isiyokuwa na tovuti

Sasa turudi kwenye ile nukta ya Suratul Hujurat. Madrasa nyingi za milimani, kama zilivyo nyingi za kwetu shamba, hazina tovuti. Zina mwalimu, jamvi, ubao na namba ya WhatsApp. Kukosa tovuti si dalili ya utapeli. Ukimwita mwalimu yule mwizi katika kundi la familia kwa sababu hana tiki, unaweza kuwa umemzulia Muislamu asiye na hatia, na watoto wake wakakosa msaada kwa ulimi wako.

Kwa hawa tutumie njia ya wanazuoni wa hadithi: sanadi, yaani mnyororo wa watu. Nani amekuletea ombi hili? Yeye amelipata kwa nani? Yupo katika mnyororo huo mtu anayemjua mwalimu kwa macho? Uliza maimamu wa eneo, uliza ofisi ya BAKWATA ya wilaya, uliza Msambaa anayefanya biashara hapa kwetu na kwao ni huko. Ukikuta mnyororo umekatika katikati, "nimeforwadiwa tu", hapo huna sanadi. Una uvumi.

Zaka iliyopotea njiani

Jambo hili lina hukumu za kisharia ambazo wengi hawazitizami. Sadaka ya kujitolea, ukiitoa kwa nia safi ikaangukia kwa asiyestahiki, tunataraji malipo yako yapo kwa Allah. Imepokewa katika Bukhari na Muslim habari ya mtu aliyetoa sadaka usiku, ikaangukia kwa mwizi, kisha kwa mwanamke mzinifu, kisha kwa tajiri, na hakunyimwa kheri yake.

Lakini zaka ni deni. Katika madh-hebu ya Imam Shafii, ambayo ndiyo wengi wetu visiwani tunaifuata, kauli yenye nguvu ni kuwa mwenye mali akimpa mwenyewe zaka mtu asiyestahiki kwa kudhani anastahiki, zaka haijamtoka, na atalazimika kuitoa tena. Wanazuoni wa Kihanafi wanaona kuwa aliyejitahidi kuhakikisha kisha akakosea, zaka yake imesihi. Angalia kuwa hata hao wenye wepesi wameweka sharti la kujitahidi. Aliyetuma kwa kubonyeza tu hana pa kujificha katika kauli yoyote.

Pia wanazuoni walio wengi hawaoni kuwa zaka itumike kujengea. Inawahusu watu wa mafungu manane yaliyotajwa katika Suratut Tawba, aya ya 60. Ombi la "zaka ya ujenzi" lielekezwe kwenye sadaka, na zaka iwafikie wanafunzi na walimu walio mafakiri. Na kabla ya kuivusha bahari, muulize sheikh wako kuhusu mafakiri wa mji wako mwenyewe, kwani Mashafii wamelitilia mkazo hilo.

Kwa viongozi wa madrasa na misikiti

Mlio na tovuti, msiwaachie waumini mzigo wote. Wekeni ndani ya tovuti viungo vya kurasa zenu zote, na katika kila ukurasa itajeni tovuti. Fanyeni uhakikisho wa tovuti katika mitandao inayouruhusu. Andikeni namba za kupokelea michango ndani ya tovuti, na mseme wazi kuwa namba nyengine yoyote si yenu.

Kubwa zaidi ni hili: jina la tovuti limesajiliwa kwa nani? Mara nyingi kijana mmoja wa kujitolea amelinunua kwa jina lake na barua pepe yake, Allah amlipe kheri. Kisha anasafiri kutafuta maisha, ada ya mwaka inapita, jina linaachiwa, na mtu mwengine analinunua kihalali kabisa. Tangu siku hiyo funguo zote za uhakikisho ziko kwake, na waumini wataendelea kuiamini anwani waliyoizoea. Msikiti wa wakfu hausajiliwi kwa jina la mtunza maji. Na tovuti ya wakfu ni hivyo hivyo: isajiliwe kwa jina la taasisi, funguo washike watu wawili au watatu wanaoaminika, na tarehe ya kulipia iandikwe katika daftari la kamati.

Mpaka wa uhakikisho

Wanahistoria wamesimulia kuwa katika fitna ya zama za Sayyidna Uthman (r.a.), watu wa Misri walikamata njiani barua iliyokuwa na muhuri wa Khalifa. Alipoulizwa, aliapa kuwa hakuiandika wala hakuiamrisha. Muhuri ulikuwa wake, lakini maneno hayakuwa yake. Damu kubwa ilimwagika baada ya hapo.

Basi hata ukurasa uliohakikishwa sawasawa unaweza kuibwa na mdukuzi, na mwenye tovuti ya kweli anaweza kuwa si muaminifu. Uhakikisho unakuambia mwenye mlango ni nani. Uadilifu wake unautafuta kwa watu, kwa hesabu anazozionesha, na kwa kazi inayoonekana. Ukurasa unaoujua ukibadilisha ghafla namba ya kupokelea fedha, anza kupima upya.

Na aliyekwisha kutapeliwa asikae kimya kwa haya. Awasiliane haraka na mtandao wa simu aliotumia, aipeleke namba ya tapeli kwa ujumbe kwenda 15040, aripoti polisi, na auripoti ukurasa huo katika mtandao wenyewe. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, inayotumika Bara na Zanzibar, imeharamisha kujifanya mtu mwengine kwa kutumia kompyuta. Akinyamaza, jirani yake atakuwa wa pili.

Tunamuomba Allah azikubali zaka na sadaka zetu, azifikishe kwa wanaostahiki, Usambara na kwengineko, na atulinde sisi na vizazi vyetu na khiyana. Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.